Nilivyomwachisha mwanangu kulilia simu

Mwanangu alipokaribia miaka minne, kila jioni ilikuwa ni kulilia simu. Anajibwaga chini, anapiga miguu, mpaka majirani wanachungulia. Mimi na baba yake tulikuwa tunamkatalia. Babu yake, tunayeishi naye, alivumilia siku mbili tatu, kisha akampa.

Wengi walinishauri fimbo. Sikuitaka, na si kwa huruma tu. Fimbo humnyamazisha mtoto mbele ya mwenye fimbo, lakini haimwonyeshi afanye nini badala ya kulia. Nikajiuliza: kilio hiki kinampatia nini? Kinampatia simu, ingawa si kila mara.

Hilo la "si kila mara" ndilo zito. Mwaka 1957, wanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner na Charles Ferster walichapisha matokeo ya uchunguzi wao mrefu, mwingi ukiwa wa njiwa wanaodonoa kitufe ili wapate chakula. Tendo linalolipwa kila mara hufifia upesi malipo yakikatika. Linalolipwa mojamoja, bila kutabirika, hudumu sana. Kwa hiyo mwanangu alikuwa anafunzwa kutokata tamaa: ukikosa leo, lia na kesho. Na babu naye alikuwa anafunzwa, maana kila alipotoa simu kelele zilikatika, akasikiliza taarifa yake ya habari kwa utulivu.

Nikaenda kuzungumza naye.

"Baba, naomba akilia tusimpe kabisa, wala tusimgombeze. Akiomba vizuri, mpe hapohapo."

"Na akizidi, mwanangu?"

"Atazidi, baba. Tuvumilie pamoja."

Na alizidi kweli. Tendo lililozoea kulipwa, malipo yakikatika, huweza kupanda kwanza ndipo lishuke, na hapo ndipo nyumba nyingi hushindwa. Ukitoa simu kelele zikiwa juu kabisa, umemfundisha kuanzia hapo juu siku nyingine. Babu alitoka akakaa barazani mpaka kilio kikaisha. Namshukuru sana kwa hilo.

Kunyima peke yake kusingetosha. Mtoto alihitaji njia nyingine ya kupata anachotaka. Sisi tuko Morogoro, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya akipatia, husikia mlio mfupi na kupewa chakula papo hapo, kabla hajafanya jambo jingine. Uharaka huo ndio nilioufuata. "Naomba simu" ikitoka tu, simu inakuwa mkononi mwake, kwa katuni moja. Alipozoea ndipo nikaanza kumwambia asubiri nimalize vyombo, nikiongeza muda kidogo kidogo.

Sasa nyumbani anaomba, na akiambiwa imetosha hunung'unika kidogo kisha anaenda kucheza. Kwa mama yake mdogo bado anajibwaga chini, kwa sababu kule bado anapewa. Nimeshaongea na mdogo wangu, naye amekubali tuanze Jumamosi hii, nikiwepo.