Vitabu viwili vya sahihi

Kwenye rafu ya sebuleni kwetu, hapa Atlanta, viko vitabu viwili vidogo vilivyojaa sahihi za wahusika wa katuni. Cha kwanza ni cha binti yangu, ambaye alikijaza mwaka 2017 alipokuwa na umri wa miaka saba. Cha pili ni cha mdogo wake wa kiume, aliyekwenda kukijaza mwaka 2023 akiwa na miaka mitano. Vyote vilijazwa Walt Disney World, eneo la bustani za burudani za kampuni ya Disney, karibu na Orlando katika jimbo la Florida, mwendo wa saa saba hivi kwa gari kutoka kwetu. Kwa kuwa wazazi wenzangu kadhaa wameniuliza kama kuna faida yoyote ya kusimama foleni saa nzima ili mtoto atiliwe sahihi na mtu aliyevaa kichwa cha panya, nimeona niwajibu kwa kirefu.

Mimi naamini faida ipo, ila haimo katika sahihi yenyewe. Binti yangu alikuwa mtoto mwenye haya nyingi. Wageni wakiingia nyumbani alijificha nyuma yangu, na akilazimishwa kusalimia alinong'ona huku akitazama sakafu. Kitabu kile kilimpa shughuli ya kufanya. Alikuwa na kitu cha kushika mikononi, kitu cha kutoa na kupokea, na sababu ya kumsogelea mtu asiyemjua. Mtoto wa aina hiyo ukimwambia aende akazungumze na mgeni hataondoka alipo, lakini ukimwambia apeleke kitabu, atakwenda.

Siku ya kwanza, hata hivyo, niliiharibu mwenyewe. Tulianzia Magic Kingdom, bustani kongwe kuliko nyingine zilizopo pale, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na nilikuwa nimepanga saa za kila mhusika kama mtu anayepanga safari za mabasi. Tulitoka foleni moja tukikimbilia nyingine. Jioni kitabu kilikuwa na sahihi saba, na nilipomuuliza mwanangu ni nani aliyemfurahisha zaidi, alifungua kurasa ili akumbuke alikutana na nani. Nilihuzunika sana. Usiku huo nikaamua kwamba kuanzia kesho yake tutawatafuta wahusika watatu tu kwa siku, na kwamba muda wa foleni utakuwa wa kujiandaa: utamwamkiaje, utamwambia jina lako, na una neno gani moja la kumweleza au kumuuliza.

Asiyepata kufika huko inafaa ajue kwamba wahusika hawa wako wa namna mbili. Wapo wenye nyuso zao wenyewe, kama mabinti wa kifalme, ambao huzungumza na kujibu maswali bila kutoka katika hadithi yao hata kidogo. Na wapo waliofunikwa mwili mzima kwa manyoya na kichwa kikubwa, ambao kwa kawaida hawasemi neno, bali hueleza kila kitu kwa mikono, kichwa na mabega. Watoto wenye haya wengi huwaogopa zaidi hawa wa pili kwa sababu ya ukubwa wao. Kwetu ilikuwa kinyume, kwani wale wanaosema ndio wanaotaka kujibiwa.

Kwa hiyo mtihani mkubwa wa binti yangu ulikuwa Tiana, aliyekuwa akipokea watoto ndani ya ukumbi uitwao Princess Fairytale Hall. Tiana ndiye binti wa kifalme wa kwanza Mweusi katika filamu za Disney, aliyetoka katika filamu ya mwaka 2009, msichana wa New Orleans anayetamani kufungua mkahawa wake na kusifiwa kwa vitumbua vya unga vya kukaanga vinyunyiziwavyo sukari. Tukiwa foleni, mwanangu aliniuliza kama vile si ndugu wa maandazi. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Zamu yake ilipofika alitoa kitabu kwa mikono miwili, akasema jina lake kwa sauti niliyoisikia kutoka nilipokuwa nimesimama, kisha akaeleza kwamba nyumbani kwetu Jumamosi asubuhi tunakaanga maandazi na yeye ndiye anayetwanga iliki. Tiana akapiga magoti, akauliza kama maandazi yetu nayo hunyunyiziwa sukari juu, akajibiwa kwamba sukari tunaitia ndani ya unga, na wakaendelea hivyo mpaka mhudumu anayesimamia foleni akatabasamu na kutuonyesha mlango. Nimeshahudhuria vikao vingi vya walimu kuhusu haya ya mtoto huyu. Hakuna kimoja kilichonipa nilichokipata katika dakika zile mbili.

Kuhusu kalamu niseme kidogo, maana ni jambo linalowakwamisha wengi. Wahusika wenye manyoya huvaa glavu nene na hawaoni vizuri kutoka ndani ya kile kichwa, hivyo kalamu nyembamba huwaponyoka. Chukua kalamu nene, iliyo rahisi kufunguliwa, na mwelekeze mtoto afungue ukurasa mtupu kabla zamu yake haijafika. Mimi nilinunua makapeni yenye wino mkali na kitabu chenye karatasi laini, na wino wa Tiana ukapenya hadi ukurasa wa Rapunzel, binti mwingine wa kifalme. Kitabu cha mdogo wake kina karatasi ngumu, na tulitumia upande mmoja tu wa kila karatasi. Upande uliobaki tulibandika picha ya siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu tulikwenda Animal Kingdom, bustani nyingine ya pale pale, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na hapo jambo lilitugusa kwa namna nyingine. Sehemu yake ya Afrika ni mji wa kubuni uitwao Harambe, ambao wabunifu wake waliiga sura ya Lamu, na Kiswahili kimeandikwa kila upande. Mimi ni mtu wa Tanga, na nakiri kwamba niliingia na wasiwasi wa kuona pwani yetu ikifanywa pambo. Lakini binti yangu, aliyezoea kwamba lugha ya nyumbani husikika nyumbani na kwenye simu ya bibi yake tu, alisimama mbele ya kibanda cha vinywaji akasoma kwa sauti, "Tamu Tamu," akageuka kunitazama. Kisha akaniuliza kwa nini Harambe imepungukiwa herufi moja. Watu waliokuwa nyuma yetu walimwomba awafundishe kulitamka jina hilo, naye akawafundisha.

Kutoka Harambe tulipanda garimoshi dogo mpaka upande wa nyuma wa bustani, alikokuwapo Rafiki, yule nyani mzee wa busara wa filamu ya The Lion King. Nimewalea wanangu kuamkia wakubwa, na sikumkumbusha kitu. Alimkaribia, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo, babu." Rafiki hana sauti, kwa hiyo marahaba haikutoka. Alitulia kidogo. Halafu akaweka mikono yote miwili kifuani, akainama chini kuliko alivyoinama mtoto, akamgusa utosini kwa upole, na ndipo akapokea kitabu. Mhudumu wake aliuliza neno lile lina maana gani, na mtoto aliyekuwa akijificha nyuma yangu akamweleza kwamba ni salamu ya kumheshimu mtu aliyekuzidi umri. Ukurasa ule hatukuubandikia picha pembeni. Alisema hauhitaji.

Mdogo wake alizaliwa mwaka uliofuata, na kwa muda niliogopa kwamba yeye hatapata kitabu cha namna hiyo. Bustani zilifungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19. Zilipoanza kufunguliwa tena tarehe 11 Julai mwaka huo, wahusika walikuwa wakipunga mikono kwa mbali tu. Kukumbatiana na kutia sahihi kulirejea tarehe 18 Aprili 2022. Tukangoja mwaka mmoja zaidi ili akue kidogo, ingawa watoto walio chini ya miaka mitatu huingia bila tiketi na wengi hushawishika kuwapeleka wakiwa wadogo hivyo. Kwa shughuli ya sahihi ningeshauri kungoja, kwa sababu mtoto wa miaka miwili hulia na kitabu huwa cha mama.

Huyu wa pili si mwenye haya, bali ni mwoga wa vitu vikubwa. Tulianza naye mezani, kwenye kifungua kinywa cha mkahawa wa Tusker House huko Harambe, ambako hakuna foleni kwa kuwa wahusika ndio wanaopita meza hadi meza, na mtoto huwaona kwa mbali kabla hawajamfikia. Goofy, yule mbwa mrefu wa katuni, alipokaribia, mwanangu aliingia chini ya meza. Nilitaka kumvuta. Dada yake akanizuia kwa mkono, akachukua kitabu, akakipeleka yeye, akamweleza Goofy kwamba mwenye kitabu yuko chini na angependa sana sahihi yake. Goofy alikaa sakafuni kabisa, akageuza uso pembeni ili asimtazame, akatia sahihi polepole, akakisukuma kitabu taratibu chini ya kitambaa cha meza. Baada ya muda mkono mdogo ukatokeza na kumgusa kiatu. Kesho yake, kwa Mickey, yule panya, mtoto alikwenda mwenyewe.

Wanaofanya kazi ile hufundishwa kuandika sahihi ya kila mhusika kwa mwandiko mmoja, ili mtoto wa leo na wa jana wapate kitu kilekile. Sikuwahi kuwaeleza wanangu hilo. Tuliporudi Atlanta, mdogo alivitoa vitabu vyote viwili, akavifungua sakafuni kwenye ukurasa wa Mickey, akapitisha kidole juu ya ile M kubwa ya mwaka 2017, kisha juu ya ile ya kwake.

"Dada, bado anaandika vilevile."

Binti yangu, wakati huo mwenye miaka kumi na mitatu, alinitazama kwanza mimi, halafu akapiga magoti kando ya mdogo wake na kuinamia zile kurasa mbili kana kwamba naye anaziona kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo," akamwambia. "Hajabadilika."