Umeacha unga ughaibuni, sasa unarudi Unguja

Tuliorudi tunajua kwamba nyumba na ajira si mtihani mkubwa. Mtihani ni kwamba mtaa haukukuona ukiacha. Kule ulikopona, watu wamekuzoea ukiwa mzima. Hapa Ng'ambo anayekupungia mkono bado anakuita teja, tena bila ubaya wowote, kwa mazoea tu. Maneno hayatamgeuza. Atageuka akikuona kila siku, saa ile ile, ukifanya jambo ambalo mtu mwenye arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, hawezi kulifanya: mazoezi. Na wewe mwenyewe utaanza kujiona hivyo hivyo, taratibu, kabla hujawa na ujasiri wa kulitamka.

Kwanza dawa, mazoezi baadaye. Kama unatumia methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, ondoka na barua ya kliniki inayotaja kiwango chako kwa miligramu na tarehe ya dozi ya mwisho. Kama ndege inapitia Ghuba, ulizia sheria zao kabla ya kukata tiketi, kwani huko dawa hii inaweza kukutia matatani. Huduma ya Unguja iko Kidongo Chekundu. Ukikosa dozi siku 3 mfululizo au zaidi usidai kiwango cha zamani, kwa sababu mwili umeshaanza kuizoea hali ya kukosa na dozi ile inaweza kukuzimisha pumzi. Unga nao ni vivyo hivyo: kete uliyokuwa ukiimudu zamani leo inaua. Wa nyumbani waambiwe wazi. Mtu akikoroma vibaya, midomo imebadilika rangi na haamki, akimbizwe hospitali. Kama hapumui apuliziwe hewa mdomoni. Kama anapumua alazwe ubavu. Naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga mwilini, ikiwepo apewe.

Sasa miguu. Wiki 2 za mwanzo tembea tu, dakika 20, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo wa mtu anayechelewa kazini. Wiki ya 3 na ya 4 ongeza hadi dakika 30. Kuanzia wiki ya 5 changanya: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8, siku 3 kwa wiki na siku ya kupumzika katikati. Siku nyingine 2 fanya kuchuchumaa na kuinuka mara 10, kusukuma ukuta mara 10, mizunguko 2. Wanaoanza kwa kishindo huishia wiki ya 2 wakiwa na goti lililovimba, na goti lililovimba huwarudisha kitako maskani, kijiweni kwa wavutaji.

Ukiwa umewahi kujidunga, usianze kabla hujapimwa. Mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye shavu la mguu unaweza kuwa na damu iliyoganda. Homa isiyoeleweka inaweza kuwa maambukizi ya moyo. Kikohozi cha wiki 2 kipimwe kifua kikuu, na ukipewa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, uwaambie wa methadoni siku hiyo hiyo, kwani inapunguza nguvu ya methadoni na arosto itakurudia ukidhani ni uchovu wa mazoezi. Methadoni huwa na nguvu zaidi saa 2 hadi 4 baada ya kunywa, kwa hiyo kimbia alfajiri kabla ya dozi, au jioni. Inatoa jasho jingi na kufunga choo, hivyo maji ni lazima. Ukihisi moyo unapaparika au kizunguzungu cha kuanguka, simama, ukapigwe kipimo cha umeme wa moyo.

Saa ina maana kuliko umbali. Kila aliyetumia ana saa yake ambayo mwili humdai, mara nyingi ile aliyokuwa akitafutia pesa ya kete. Weka mazoezi hapo. Kiu ya unga hupanda na kushuka, kwa kawaida ndani ya nusu saa, na kutembea haraka dakika 15 husaidia kuivusha. Njia yako isipite maskani ya zamani hata kama ndiyo fupi. Ukikimbilia pwani, fuata maji yakitoka, mchanga uliolowa ni mgumu na haunyonyi nguvu. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya leo haitakufaa wiki ijayo. Siku za maji kujaa, nenda uwanja wa Maisara. Pwani pia ina mteremko: rudi kwa njia ile ile uliyoendea, miguu yote miwili igawane mzigo.

Viatu vya mtumba vinatosha, ila vikague. Viweke juu ya meza, uvitazame kwa nyuma: kisigino kikilala upande, viache. Bonyeza kwa kidole gumba ule unene laini juu ya soli. Ukiwa mgumu au una mikunjo mingi ubavuni, umeshakufa hata kama kitambaa kinang'aa.

Usibaki peke yako muda mrefu. Vikundi vya jogging ni dawa ya jina, na hapa kwetu vina heshima yake. Tarehe 1 Januari hufanyika siku ya mazoezi, vikundi vikatoka kwa wingi barabarani. Humo watu huimba wakikimbia: ukiweza kuitikia, mwendo unakufaa, ukishindwa, rudi nyuma ya msafara. Omba kazi ndogo, kubeba maji, kupuliza filimbi au kuandika mahudhurio. Mtu akipewa kazi hupata na jina la kazi hiyo, na ndilo mtaa utakaloanza kulitumia. Kina dada wana mtihani mzito zaidi, kwani aibu wanayobebeshwa ni maradufu. Wengi huanza na shoga mmoja wa kutembea naye baada ya sala ya alfajiri.

Hatari mbili hazitajwi vya kutosha. Ya kwanza, miezi 3 ikipita mwili unajaa, uso unang'aa, mama anatangaza kwamba umepona, nawe unashawishika kuacha methadoni. Misuli haipimi hilo. Kupunguza dozi kunapangwa na kliniki, polepole. Ya pili ni kuumia. Ukiteguka, ukienda famasi unaweza kupewa tramadoli, nayo ni ya ukoo ule ule wa unga, kama ilivyo kodini kwenye baadhi ya dawa za kikohozi. Mwambie muuzaji kabla hajafungua kabati: mimi dawa za jamii hiyo situmii, nipe parasetamoli. Barafu dakika 15, bandeji, mguu juu ya mto, na siku unayorudi uwanjani anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya.