Jogoo wa Mvinyo Jikoni Kwangu Arusha

Jumamosi iliyopita, mimi ambaye hadi mwaka jana nilijua kupika chai na mayai tu, niliamua kupika coq au vin, yaani jogoo anayechemshwa polepole katika mvinyo mwekundu, chakula kinachohusishwa sana na Bourgogne nchini Ufaransa. Kilichonivutia ni kwamba mapishi haya yanamfaa jogoo mzee mwenye nyama ngumu, na majogoo wa kienyeji wa namna hiyo hawakosekani katika soko la Kilombero.

Nilimlaza usiku kucha katika mvinyo wa Dodoma pamoja na karoti na vitunguu. Mama alipofunua sufuria asubuhi aliniuliza, “Mwanangu, huyu jogoo umemlewesha kwanza ndipo umle?”

Kosa langu kubwa lilikuwa kutokausha vipande kabla ya kuvikaanga, kwa hiyo badala ya kupata rangi ya kahawia vilitoa maji na kuchemka, nikalazimika kuvitoa, kuvifuta kimoja kimoja na kuanza upya. Maelekezo yalitaja saa moja na nusu motoni, lakini Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na jogoo wangu hakulainika hadi saa ya tatu.

Unga nilioumwaga moja kwa moja ulifanya mabonge, nikauchuja mchuzi kwa chujio la chai. Tuliula kwa ndizi za kuchemsha, na Mama aliongeza mara mbili.