Sumaku ya Spika

Juzi mjukuu wangu, aliyekuja kutoka Jinja kwa likizo, alifungua kopo la maziwa ya unga ninamohifadhi vifungo, funguo zisizo na kufuli na takataka nyingine za uzeeni, akatoa sumaku nyeusi ya mviringo. "Jaja," akasema, kama kwetu wajukuu wanavyowaita babu na bibi, "hiki kilichong'ang'ania hapa ni cha nini?" Nilimjibu kwamba ni kipande cha mashine. Jibu hilo halikuwa la uongo, lakini limenikaa kooni hadi leo.

Nilipoipata sumaku hiyo nilikuwa msaidizi katika ghala la silaha, kijana wa miaka 22 niliyejua Kiswahili cha gwaride tu, na fundi wangu alikuwa sajenti wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambaye Kiswahili chake kilinyooka kuliko mitutu aliyoisafisha. Alasiri moja aliitwa nje, akaniachia Makarov ya ofisa ambaye angeihitaji kabla ya gwaride la asubuhi, nami nikaagizwa niifungue, niipanguse, niipake mafuta na kuirudisha kama ilivyokuwa. Bastola hiyo, iliyopokewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951, haina ugomvi na mtu. Vipande vyake ni vichache, na hata sasa hunishangaza ile springi bapa iliyofichwa ndani ya mpini: chuma kimoja kinachosukuma nyundo na wenzo wa kifyatulio, kisha ncha yake ya chini iliyopindwa inalishika kasha la risasi nane lisidondoke.

Ugomvi wote umejificha kwenye ndoano ya kutolea maganda. Ndoano hiyo hulikamata ganda tupu kwenye ukingo wake na kulivuta kutoka chemba baada ya risasi kulia. Nyuma yake kuna kipini kifupi kama kipande cha njiti ya kibiriti, na nyuma ya kipini kuna springi inayokisukuma mchana na usiku. Kwa usafi wa kawaida haiguswi. Mimi niliona masizi kidogo chini ya ndoano, na kwa kiherehere cha kutaka kusifiwa nikachukua bisibisi nyembamba, nikakisukuma kipini nyuma, nikaing'oa ndoano.

Nilisikia "ti" moja kwenye bati.

Springi niliiona mara moja, imelala chini ya dirisha. Kipini sikukiona. Nilitambaa juu ya saruji yenye nyufa hadi magoti yakawa meupe, na Afande aliporudi alinikuta shavu langu likiwa limegusa sakafu kama mtu anayesikiliza siafu wakipita. Hakunigombeza. Alivunja spika ya redio mbovu iliyokuwa rafuni, akatoa sumaku, akaifunga ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, akaniambia niiburute sakafu nzima polepole, kwa mistari, kama ng'ombe wanavyolima. Tulipata misumari, sindano mbili, vizibo vya soda na unga mweusi wa chuma uliosimama kama nywele za paka. Giza lilipoingia, Afande alikwenda kwenye sanduku la bastola zilizokwisha kufa, akatoa kipini cha nyingine, akakijaribu: kilikaa.

Kisha akanifundisha. Aliweka kipande cha juu cha bastola, springi, kipini na ndoano ndani ya kavera nyingine, safi na inayoonyesha, akaniamuru niingize mikono yote miwili na bisibisi. Taa ya mafuta ilikuwa upande wangu wa kushoto, na pumzi yangu iliufanya mfuko uwe na ukungu. Springi iliingia tunduni, kipini kikaifuata, nikakibonyeza kwa ncha ya bisibisi na kukisikia kikinisukuma kama mtoto aliye tumboni, huku kidole gumba cha kushoto kikitafuta jinsi ya kuuteremsha mkia wa ndoano mahali pake. Mara ya kwanza kiliruka, kikagonga plastiki, kikaanguka kiganjani mwangu. Mara ya pili vilevile. "Usishindane naye," alisema Afande. "Mngoje achoke." Springi haichoki, jambo ambalo yeye alilijua vizuri kuliko mimi, lakini mkono wangu uliacha kutetemeka, na mara ya nne ndoano ilikaa kwa mlio mdogo ambao bado ninaweza kuuiga kwa ulimi.

Kitabuni aliandika kwamba kipini kimepotea mikononi mwake. Asubuhi yake aliitwa, akasimama wima mbele ya ofisa kwa muda mrefu, nasi wengine tukijifanya tunahesabu mikanda.

Siku tatu baadaye, nikifua, niliikunjua mikono ya shati langu la kazi, na kipini kikatumbukia ndani ya beseni. Nilikitazama kikiwa chini ya maji ya sabuni. Nilikusudia kumpelekea jioni ile, kisha kesho yake, kisha baada ya mshahara, na kabla ya mshahara akahamishwa kaskazini. Sumaku aliniachia.

Mjukuu anaitaka kwa ajili ya gari lake la waya. Nimempa, lakini kwanza nimekibandua kipini na kukirudisha koponi. Ameniuliza ile mashine yenyewe iko wapi. Nimemwambia aende akamsaidie jaja wake kumenya matoke.