Vidole vinapokutana chini ya kifua

Jumamosi iliyopita nilikuwa jaji wa teria aina ya Border, mbwa wadogo wa kuwinda mashimoni, kwenye maonyesho ya kilimo ya kijiji kimoja huku Northumberland, kaskazini mwa England, bonde la Mto Coquet. Mbwa 11, meza moja, mvua ya rasharasha. Kwa miaka minne nimewasaidia majaji wengine ulingoni, naita namba na kugawa kadi. Safari hii uamuzi ulikuwa wangu, na usiku wake sikupata usingizi.

Kuwaamua mbwa hawa hapa ni mzigo, maana hapa ndipo kwao. Zamani waliwahi kuitwa kwa jina la bonde lenyewe, Coquetdale, kabla Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, hakijawatambua kama Border mwaka 1920. Wachungaji wa mpakani mwa England na Scotland waliwafuga kwa ajili ya mbweha waliokuwa wakimaliza wana-kondoo. Mbwa akimbie milimani kutwa nzima nyuma ya farasi, kisha awe mwembamba wa kutosha kumfuata mbweha shimoni. Miguu mirefu kidogo, kifua chembamba, kichwa kama cha fisi maji. Tangu sheria ya 2004 kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa ni marufuku, na Border wengi siku hizi wanalala kwenye makochi. Shimo haliwapimi tena. Amebaki jaji na mikono yake.

Basi mbwa akipandishwa mezani nafanya hivi. Vidole gumba naviweka mgongoni, nyuma kidogo ya mabega. Viganja vinashuka ubavuni, nyuma ya viwiko, na vidole vingine vinatafutana chini ya kifua. Vikikutana, huyu anapita kwenye ufa wa mwamba. Visipokutana atakwama, na kukwama chini ya ardhi ni kifo. Halafu naikamata ngozi ya ubavuni na kuivuta: iwe nene, tena imelegea, mbweha aking'ata aambulie ngozi, nyama ibaki salama.

Baba yangu alikuwa akinunua mbuzi mnadani Msalato, Dodoma. Hakutoa hela hata siku moja kabla hajapitisha kiganja kwenye uti wa mgongo. “Manyoya yanaficha,” alikuwa akituambia. Nilimkumbuka sana Jumamosi.

Kulikuwa na dume mmoja ambaye watu wote nje ya kamba walikuwa wakimtazama yeye. Manyoya yamenyonyolewa kwa mkono vizuri mno, anasimama kama sanamu. Nikamkumbatia kifua: nafasi ya kidole kizima ikabaki. Nikarudia, nikidhani mikono yangu ina baridi. Ikabaki vilevile.

Nyuma yake jike wa miaka minane, pua imeanza mvi, sikio lina pengo, amelowa chapachapa, ameletwa na mchungaji mzee mwenye buti za matope. Vidole vyangu vikakutana bila kutafuta. Mbavu zikaachia nilipobana, zikarudi. Nikamwambia mzee amtembeze kwenda na kurudi: miguu ya nyuma ilifuata ya mbele kwenye mstari mmoja, kamba imelegea mkononi mwake.

Nikampa jike kadi nyekundu, ambayo huku ndiyo ya kwanza.

Mama mwenye dume alinifuata baadaye, sauti inatetemeka. Aliniuliza kama kweli nimempa ushindi mbwa mwenye sikio bovu. Nilimwambia sikio halimzuii mbwa kuingia shimoni, nikamwomba aweke mikono yake mwenyewe kifuani kwa dume wake, kisha kwa jike. Mzee akamshika jike kichwa. Yule mama akapima mmoja, akapima wa pili, akarudi tena kwa wake. Hakusema neno, na mimi sikuongeza.

Mzee aliitia kadi mfukoni, ikaanza kulowa. Jike alikuwa ameshageukia ukuta wa mawe, pua chini, anakwaruza kwenye tundu la sungura.