Injinia wa Mkanda

Siku ya Jumanne fundi wetu mzee, Babu Boliti, kaniita Injinia wa Mkanda mbele ya watoto wa field, na mimi nikajibu "asante mzee". Asante ya nini jamani? Tangu siku hiyo naoga naiwaza hiyo asante, nakata vitunguu naiwaza, Alhamisi kwenye Hiace ya Kisongo nimeiwaza mpaka nikapitiliza kituo.

Bosi alinipa karakana ndogo ya magurudumu na breki za ndege, kasema niinyooshe. Na saizi ndo kipindi kila mtu anataka kifaa chake jana, maana Aprili na Mei kambi nyingi za watalii za Serengeti zinafunga kwa ajili ya masika, wenye ndege wanazileta hanga, halafu Juni wageni wanaanza kumiminika na kila Caravan, zile ndege ndogo za kubeba watalii, inatakiwa iwe hewani. Na viwanja vya kule mnavijua, Seronera ni changarawe, gurudumu linarudi limechoka kama bodaboda wa Kwa Mrombo hapa Arusha.

Nilichofanya wala sio maajabu. Nilikaa na jobu kadi za nyuma, zile karatasi za kila kazi, nikaona kwamba gurudumu likiwa kwetu, muda mwingi haliguswi na mtu. Kulifungua, kulisafisha, kukagua nyufa, kupaka beringi grisi, kufunga na kukaza boliti kwa torki renchi, ile spana inayopima ukazo, ni kazi ya masaa. Lakini linakaa wiki na wiki. Linasubiri foleni, zamu yake ikifika likafunguliwa ndo tunagundua beringi imekufa, ndo tunaagiza, spea itoke Marekani ipite forodhani, na foleni ya pili inaanza. Wakati lingefunguliwa siku lilipoingia, spea ingekuwa njiani huku gurudumu lenyewe linasubiri zamu. Kulikuwa na profesa wa Marekani, John Little, alishathibitisha hii hesabu mwaka 1961: una magurudumu 12 ndani, unatoa 2 kwa siku, basi kila moja litakaa kwako wastani wa siku 6, fundi atoke jasho asitoke. Ukitaka siku zipungue, utoe mengi zaidi kwa siku au uache kujaza karakana.

Kwa hiyo nikabandika mkanda wa njano sakafuni. Hapa la kukaguliwa leo leo, hapa linalosubiri spea, hapa liko mezani na yasizidi matatu, hapa limemaliza.

Babu akaja, akasimama, akaangalia mkanda, akaangalia viatu vyake, akauliza, "Binti yangu, gurudumu likivuka huu mstari linapona?" Watoto wakacheka. Nikamwambia hapana Babu, ni ili tujue liko wapi. "Mimi najua yako wapi." Na kweli anajua, hapo ndo panauma, yote yako kichwani mwake, ila akienda likizo Same tunabaki kupigiana simu. Halafu ndo akasema, "Haya, Injinia wa Mkanda." Na mimi, asante mzee.

Nimejaribu kuikumbuka sura yake. Alitabasamu au alikuwa anahangaika na kitu kwenye jino? Kama alitabasamu basi asante yangu ilikuwa sawa. Kama hakutabasamu, mimi ni zezeta.

Saa ya chai akaja na hoja ya maana, tena pembeni, ndo wazee wetu walivyo, kejeli hadharani ushauri chemba. Kasema ukifungua yote mapema, nusu za magurudumu zitalala wazi na boliti zake, mwenye haraka atachomoa boliti ya hili aweke lile, na beringi ikipotezana na kikombe chake, ile ringi inayokalia, hiyo ni takataka. Akaongeza kwamba mtu aliyekimbizwa ndo huyohuyo anayelegeza boliti za gurudumu kabla upepo haujaisha kwenye tairi. Hapo sikubishi, upepo ule unazirusha nusu za gurudumu, ile ni bomu. Trei zimeshanunuliwa, kila gurudumu na trei yake na jobu kadi juu, na ni marufuku kuibia la jirani. Nadhani mkanda wenyewe haumsumbui hata kidogo, anaogopa siku mtu atakayotazama mistari yangu asitazame geji ya upepo.

Wiki yenyewe wakaguzi walikuja wakaondoka salama, jana binamu kaolewa Machame na ndafu ikaliwa mpaka masikio.

Ila Ijumaa sasa! Dogo wa hanga kaingia anabiringisha gurudumu, mimi niko nyuma ya kabati la grisi, Babu hanioni, namsikia anamwambia, "Weka kwa Mkanda hapo, kesho asubuhi lifunguliwe kwanza tujue linadai nini." Kwa Mkanda! Yani nimekuwa mahali, kama vile Kwa Mrombo. Watoto wa field nao wameshadaka, Kwa Mkanda wa kwanza, Kwa Mkanda wa pili. Bosi kapita kauliza hiyo Kwa Mkanda ni nini, Babu kajibu bila kuinua kichwa, "Idara." Nilicheka nikashika kabati. Bado sijui kama ni heshima au nimepigwa tena, na sitamuuliza.

Ingekuwa ni hilo tu saa hizi ningekuwa nimelala. Kitinda mimba wetu, yule niliyemtumia ada ya chuo cha ufundi VETA, kanitumia picha ya pikipiki nyekundu ambayo haina hata namba, hajaandika neno, kaweka emoji ya moto tu. Nampigia hapokei. Ada nilimtumia mwenyewe kwenye simu, risiti ya chuo mpaka leo sijaiona, kila nikiuliza ananiambia mtandao wa chuo unasumbua. Na Mama anashuka Arusha kesho na basi la asubuhi, na swali lake la kwanza nalijua.