Kwanini daktari anataka kukata kinyama tena

Mama mdogo ana kansa ya mapafu, ile yenye protini ya EGFR iliyoharibika, amekunywa vidonge vyake vizuri tu na uvimbe ukanywea mpaka tukaanza kupumua, sasa umeanza kukua tena na daktari anataka biopsi nyingine, yaani kukata kinyama cha uvimbe wakipime. Nilikasirika kwa kweli, si walishakata mara ya kwanza na jibu wanalo? Ikabidi nikae nisome, na nimesoma kweli kweli.

Iko hivi. Seli haijigawi bila kutumwa. EGFR inakaa juu ya seli inasubiri ujumbe, ikiupata inaamsha protini nyingine ndani ya seli inaitwa RAS, RAS inaamsha RAF, RAF inaamsha MEK, MEK inaamsha ERK, wanapokezana hivyo mpaka kwenye kiini: gawanyika. Pembeni kuna njia nyingine ya AKT, hiyo kazi yake kubwa ni kuzuia seli isijiue, kwa mfano inaibana protini inaitwa BAD ambayo ingeisukuma seli kufa. Kwenye kansa mmoja wa hawa anakuwa ameharibika, anatuma ujumbe usiku na mchana bila kutumwa na mtu.

Kilichonifungua macho ni habari ya BRAF, ambayo ni aina moja ya hiyo RAF. Mwaka 2011 Marekani waliruhusu vemurafenibu, dawa inayozima BRAF yenye kosa kwenye nafasi ya 600, na kwa melanoma (kansa ya ngozi) wagonjwa wengi uvimbe ulinywea ndani ya wiki chache. Wakaijaribu kwa kansa ya utumbo mpana yenye kosa lile lile, herufi kwa herufi, na karibu hakuna kilichotokea! 2012 watafiti wakaeleza: ERK ikiwa inafanya kazi huwa inairudishia EGFR breki, sasa ukizima BRAF na ERK inapoa, breki inaachia, EGFR inawaka, ujumbe unazunguka unapita kwingine na seli inaendelea kuishi, yaani dawa yenyewe ndo imefungua njia. Seli za melanoma kwa kawaida zina EGFR kidogo sana ndo maana zilishindwa kuikwepa dawa. Kuanzia hapo wakaunganisha dawa mbili, moja ya BRAF na moja ya EGFR, na 2020 Marekani wakaruhusu enkorafenibu pamoja na setuksimabu kwa wagonjwa wa utumbo mpana wenye kosa hilo.

Na msaada hautoki ndani ya seli peke yake. Kuna seli za kawaida kabisa, majirani tu wa uvimbe, zinatoa kitu kinaitwa HGF, kinaigusa protini ya MET kwenye seli ya kansa na ile njia ya AKT inawaka upya. Hili liliniuma sana, seli zetu wenyewe nzima zinailisha kansa.

Sasa kwa mapafu kama ya mama mdogo: EGFR inaweza kupata kosa la pili, T790M, dawa za mwanzo zikashindwa kushika na hapo kuna osimatinibu, au jeni ya MET inajizidisha nakala nyingi inashika kazi ya EGFR, na hiyo inataka dawa nyingine kabisa. Kile kinyama cha mwanzo kilikatwa kabla ya haya yote kutokea. Nimempigia daktari jana, biopsi ni Alhamisi na nitaenda naye mwenyewe.